Mtaalamu wa kujitolea akirudi kwao, nani atautengeneza mguu wa bandia?

JE, msomaji, umewahi kusimama kwenye kituo cha matatu ukamwona mtu akitembea kwa kuchechemea, mguu mmoja ukitangulia na wa pili ukifuata kwa kishindo kigumu, kisha upepo ukapeperusha suruali yake ukatambua kwamba mguu ule ni wa plastiki? Yamkini ulimtazama kidogo, ukamhurumia, halafu matatu yako ikafika ukapanda na kusahau.

Laiti ungemuuliza, huenda angekueleza kwamba mguu huo alitengenezewa na mtaalamu wa kigeni aliyekuja kujitolea hospitalini kwa miezi kadhaa, kisha akarejea kwao. Na lau ungemuuliza swali la pili, yaani mguu huo ukivunjika ataupeleka kwa nani, huenda angekosa jibu.

Makala haya yahusu swali hilo la pili. Wapo wataalamu wa viungo bandia kutoka ng'ambo ambao huacha kazi zao kwa muda na kwenda kuhudumu katika hospitali za nchi zilizokumbwa na vita, mitego ya mabomu ya ardhini na umaskini. Hali kadhalika, wapo vijana wetu waliosomea kazi hiyo ambao wangependa kwenda kusaidia nchi nyingine. Huenda wewe mwenyewe, au mwanao aliye chuoni, ni mmoja wao.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni kweli, lakini katika kazi hii kuja kwa mgeni pekee hakutoshi. La muhimu ni kile kitakachobaki hospitalini siku mgeni atakapofunga mizigo yake.

Kazi yenyewe ni ipi?

Watu wengi hudhani kwamba mguu wa bandia hununuliwa dukani kama kiatu, mtu akachagua nambari yake na kulipa. Sivyo hata kidogo. Kila mguu hutengenezewa mwenyewe, na hauwezi kumfaa mtu mwingine.

Kazi hii ina matawi mawili. Tawi la kwanza ni la viungo bandia, yaani mikono na miguu inayochukua mahali pa kiungo kilichokatwa au ambacho mtu alizaliwa bila. Tawi la pili ni la vifaa vya kushikilia kiungo kilichopo lakini kisicho na nguvu au kilichopinda. Hapa ndipo penye vyuma vya miguu vya waliougua polio, vifaa vya plastiki vya kuinua unyayo wa mtu aliyepatwa na kiharusi, mikanda ya kunyosha uti wa mgongo, na viatu maalumu vya watoto waliozaliwa na miguu iliyopinda. Mtaalamu aliyehitimu huwa amesomea matawi yote mawili.

Hebu tufuate safari ya mgonjwa mmoja. Tuseme ni mwanamume aliyekatwa mguu chini ya goti baada ya ajali ya bodaboda. Jambo la kwanza ni kungoja kidonda kipone na uvimbe upungue. Kigutu hufungwa kwa bendeji ya kuvutika, ikikazwa zaidi upande wa chini kuliko wa juu, ili kipate umbo zuri. Wakati huohuo mgonjwa hufanya mazoezi ili goti lisikakamae. Goti likishakakamaa likiwa limekunjwa, kumvisha mguu wa bandia huwa taabu kubwa.

Kisha mtaalamu hukiviringishia kigutu bendeji zenye plasta mbichi. Zikikauka huvuliwa, zikabaki kama kopo lenye umbo la kigutu kwa ndani. Kopo hilo hujazwa uji wa plasta, nao ukiganda hupatikana sanamu ya kigutu chenyewe. Hapo ndipo ustadi huonekana. Mtaalamu huchukua tupa akapunguza plasta mahali ambapo mwili waweza kubeba uzito, kwa mfano chini kidogo ya pia ya goti. Huongeza plasta mahali pasipotakiwa kuguswa, kama vile ncha ya mfupa wa muundi na kichwa cha mfupa mdogo ulio kando yake.

Baadaye bamba la plastiki huwekwa ndani ya oveni yenye joto la karibu nyuzi 180 za Selsiasi. Likilainika hufunikwa juu ya sanamu ile, na pampu ikafyonza hewa ili plastiki ishike vizuri. Ikipoa hukatwa na kulainishwa kingo. Hiki ndicho kikombe cha kuingizia kigutu, nacho mafundi hukiita soketi. Soketi ndiyo roho ya mguu wa bandia. Sehemu zilizobaki, yaani bomba na unyayo wa mpira, zaweza kutoka kiwandani, lakini soketi haina budi kutengenezwa kwa kipimo cha mwenyewe.

Mwisho mgonjwa husimama baina ya vyuma viwili vya kushikilia na kupiga hatua zake za kwanza. Mtaalamu humtazama kwa mbele, kwa nyuma na kwa upande. Je, goti linasukumwa nje? Je, bega linainama? Hulegeza skrubu hapa, akakaza pale, kisha akamwomba atembee tena. Kosa dogo laweza kumletea mgonjwa kidonda. Na kwa mtu mwenye ugonjwa wa kisukari, ambaye huenda hahisi maumivu, kidonda hicho chaweza kumpeleka tena kwenye chumba cha upasuaji.

Wanaohitaji ni wengi

Shirika la Afya Duniani (WHO) limekadiria kwamba karibu watu 5 katika kila watu 1,000 huhitaji kiungo cha bandia au kifaa cha kushikilia kiungo. Sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba Kenya ilikuwa na watu zaidi ya milioni 47.5. Ukipiga hesabu kwa kipimo hicho, utapata karibu Wakenya 238,000. Hao wangejaza uwanja wa Kasarani mara kadhaa.

Na si wote waliokatwa viungo kwa sababu ya ajali au vita. Ugonjwa wa kisukari umeongezeka mijini, na vidonda vya miguu vinavyotokana nao ni miongoni mwa sababu kuu za watu kukatwa miguu. Wapo pia watoto wenye mtindio wa ubongo, waliopatwa na kiharusi, na wazee waliougua polio utotoni kabla ya chanjo kuenea. Kwa hivyo mtaalamu anayekwenda kujitolea akidhani kazi yake itakuwa kuwahudumia waliokanyaga mabomu pekee, atashangaa kuona foleni ya akina mama waliobeba watoto mgongoni.

Siku ya tatu, mpe jembe

Tuseme basi kwamba wewe, msomaji, umehitimu, umefanya kazi miaka mitatu au minne, na umekubaliwa kujitolea katika hospitali ya nchi nyingine. Umefika. Utakuta nini?

Huenda kitu cha kwanza utakachoonyeshwa ni stoo ya misaada. Ndani mna masanduku ya miguu iliyotumwa na watu wenye huruma ng'ambo. Mingine ni ya kushoto mitupu. Mingine ni ya watu wazima wenye nyayo kubwa, ilhali wagonjwa wengi ni watoto na wanawake. Kuna magoti ya chuma ya bei ghali ambayo skrubu zake zahitaji ufunguo usiopatikana popote katika nchi hiyo. Vitu hivyo vilitolewa kwa moyo safi, lakini vimelala hapo vikipata vumbi.

Cha pili ni karakana yenyewe. Umeme hukatika saa nne za asubuhi plastiki ikiwa bado ndani ya oveni, na bamba zima laharibika. Plasta imepata unyevu, haigandi. Pampu ya kufyonza hewa ilikufa zamani.

Cha tatu, ambacho wageni wengi huchelewa kukiona, ni fundi wa hapo. Aghalabu ni mtu wa makamo, ana shahada ndogo au hana kabisa, na amefanya kazi katika karakana hiyo miaka 20. Ndiye aliyeigeuza pampu ya friji kuukuu kuwa pampu ya kufyonza hewa. Ndiye aliyechonga tupa kutokana na kipande cha springi ya gari. Yeye ajua kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Kosa kubwa la mgeni ni kumsukuma fundi huyo kando na kuanza kutengeneza miguu kwa mikono yake mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, ili aandike katika ripoti kwamba ametengeneza miguu mingi. Msemo wetu ni kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni mwenye busara hulipokea jembe hilo, lakini huuliza kwanza shamba hulimwa vipi.

Kuna pia suala la lugha na heshima. Katika nchi nyingi mgonjwa hawezi kumwambia daktari mgeni kwamba mguu aliotengenezewa unamuumiza, kwani huona ni utovu wa adabu. Atajibu, "Ni mzuri tu, daktari," akatoka akitabasamu, kisha akifika nyumbani autupe chini ya kitanda. Fundi wa hapo ndiye atakayemsoma usoni na kukunong'oneza kwamba huyu mama anaumia. Aidha, mahali pengine mwanamke hatakubali kupimwa paja na mwanamume. Asipopatikana mtaalamu wa kike, mwanamke huyo hurudi nyumbani bila mguu.

Funzo kutoka Jaipur

Kwamba mgeni apaswa kuuliza kwanza watu wa mahali huishi vipi, si jambo geni. Katika mji wa Jaipur, India, daktari wa upasuaji P. K. Sethi aligundua kwamba wagonjwa wake waliopewa miguu ya aina ya kizungu walikuwa wakiiacha na kurudia magongo. Sababu ilikuwa rahisi. Unyayo wa aina hiyo ulikuwa mgumu na ulidai kiatu. Lakini mkulima wa India alitembea pekupeku, alichuchumaa, alikaa sakafuni na aliingia katika mashamba yenye maji.

Mnamo 1968 Sethi, akishirikiana na fundi stadi aitwaye Ram Chandra Sharma ambaye hakuwa na elimu kubwa ya shule, walibuni unyayo wa mpira unaopinda, wenye sura ya unyayo wa binadamu, ambao mtu aweza kuuvaa bila kiatu na kuchuchumaa nao. Huo ndio uliojulikana duniani kama mguu wa Jaipur.

Fikiria kwetu hapa. Mtu anayetumia choo cha shimo hana budi kuchuchumaa. Mwislamu anayesali hana budi kupiga magoti na kusujudu. Mama anayepika kwenye jiko la makaa huketi kwenye kigoda kifupi. Mguu usiomwezesha kufanya hayo, hata uwe wa bei gani, utabaki chini ya kitanda.

Viatu vya Katalemwa

Mfano mwingine uko karibu nasi zaidi, katika nchi jirani ya Uganda. Karibu mtoto 1 katika kila watoto 1,000 huzaliwa akiwa na mguu mmoja au yote miwili iliyopinda, nyayo zikielekea ndani na juu. Daktari Ignacio Ponseti, aliyekuwa akifanya kazi katika chuo kikuu cha Iowa, Marekani, alibuni njia ya kuinyosha miguu hiyo bila upasuaji mkubwa. Mtoto hufungwa plasta kila juma, na kila mara mguu hunyoshwa kidogo. Baada ya majuma matano au sita hivi, aghalabu daktari hukata kano ya kisigino kwa tundu dogo, na mguu huwa umenyoka.

Lakini kazi haiishii hapo. Mguu una tabia ya kurudi ulikotoka. Kwa hivyo mtoto huvishwa viatu viwili vilivyounganishwa kwa chuma, vikiangalia nje. Huvivaa saa 23 kila siku kwa miezi mitatu ya kwanza, kisha wakati wa kulala tu hadi afikie miaka minne hivi. Asipovivaa, mguu hupinda tena na plasta zote zikawa kazi bure.

Viatu vya kutoka ng'ambo vilikuwa ghali, na mtoto huvihama upesi. Michiel Steenbeek, mtaalamu kutoka Uholanzi aliyekuwa akifanya kazi Uganda chini ya shirika la CBM, hakuketi akaandika barua za kuomba viatu zaidi. Katika karakana ya Katalemwa Cheshire Home, jijini Kampala, vilibuniwa viatu vinavyoweza kutengenezwa kwa ngozi ya kawaida, cherehani ya mshona viatu na fimbo ya chuma iliyochomelewa. Kuna tundu upande wa kisigino ili mama aweze kuchungulia na kuhakikisha kwamba kisigino cha mtoto kimekaa chini sawasawa. Maelekezo yake, pamoja na michoro, yaliandikwa katika kijitabu kinachotolewa bila malipo, na viatu hivyo vikaenea hadi nchi nyingine.

Tafakari tofauti iliyopo. Lau mtaalamu huyo angeleta masanduku ya viatu, vingeisha baada ya miezi michache. Kwa kuwa aliacha kiatu ambacho fundi wa Kampala anaweza kukitengeneza mwenyewe, mtoto aliyezaliwa miaka mingi baadaye bado alipata kiatu.

Hesabu ya mtoto mmoja

Ili uelewe kwa nini jambo hili ni zito, chukua kalamu na karatasi. Tuseme msichana wa miaka 8 amekatwa mguu. Mifupa yake ingali inakua, kwa hivyo soketi humbana na mguu ukawa mfupi. Atahitaji mguu mpya karibu kila mwaka hadi atakapofikisha miaka 18. Hiyo ni miguu 10. Akishakuwa mtu mzima, mguu wa bandia hudumu kwa kawaida miaka mitatu hadi mitano. Tukiweka miaka minne, na tukijalia aishi hadi miaka 60, atahitaji miguu mingine 10. Jumla ni miguu 20. Na hapo hatujahesabu mikanda iliyokatika, nyayo zilizopasuka na soketi za kurekebishwa.

Sasa tuseme mtaalamu wa kujitolea amekaa miezi sita na kumtengenezea mguu wa kwanza. Picha imepigwa, msichana anatabasamu, amerudi shule. Mtaalamu amepanda ndege. Mwaka unaofuata mguu umekuwa mdogo. Mama amempeleka hospitalini na kukuta karakana imefungwa kwa kufuli kwa sababu hakuna aliyefundishwa. Msichana arudi kwenye magongo, na kwa kuwa shule iko mbali, arudi nyumbani kabisa.

Je, alisaidiwa au hakusaidiwa? Alisaidiwa kwa mwaka mmoja. Ilibaki miguu 19.

Walioliona tatizo

Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu (ICRC), ambayo imekuwa ikiendesha huduma za viungo bandia katika nchi za vita tangu 1979, ililitambua tatizo hili mapema. Ndiyo sababu katika karakana zake ilichagua plastiki iitwayo polipropilini. Ni rahisi kununua, haiharibiwi na unyevu, huweza kupashwa moto na kurekebishwa, na mabaki yake huyeyushwa yakatumika tena.

Mjini Kabul, Afghanistan, Mwitaliano Alberto Cairo, mtaalamu wa mazoezi ya viungo ambaye hapo awali alikuwa wakili, alifika mwaka wa 1990 kufanya kazi katika kituo cha ICRC. Wakati huo hakuna aliyedhani angekaa huko miongo mitatu na zaidi. La kuvutia katika kituo hicho ni kwamba karibu wafanyakazi wote walichaguliwa miongoni mwa watu wenye ulemavu, wengi wao wakiwa wagonjwa wa zamani. Anayekupima kigutu naye ana mguu wa bandia. Mgonjwa aliyekata tamaa akimwona, huwa amepata nusu ya dawa kabla hajavishwa kitu.

Hapa Kenya tuliwahi kuwa na hospitali ya ICRC huko Lopiding, Lokichoggio, iliyofunguliwa mwaka wa 1987 kuwatibu majeruhi wa vita vya Sudan. Ilikuwa na karakana yake ya viungo bandia. Mwaka wa 2006, baada ya mkataba wa amani wa Sudan kutiwa sahihi mwaka uliotangulia, hospitali hiyo ilikabidhiwa Serikali ya Kenya. Hivyo ndivyo ilivyo miradi yote, ina siku ya kuanza na siku ya kumalizika. Lakini aliyekatwa mguu atahitaji mguu hadi siku ya kufa kwake.

Dawa ya kudumu ni shule. Huko Moshi, Tanzania, katika eneo la hospitali ya KCMC, chuo cha TATCOT kilianzishwa mwaka wa 1981 kwa msaada wa Ujerumani. Walimu wa kwanza walikuwa wageni. Kimewafundisha vijana kutoka nchi nyingi za Afrika, nao wengi walirudi makwao kuendesha karakana. Hapa kwetu, Chuo cha Mafunzo ya Utabibu (KMTC) hufundisha mafundi wa kazi hii. Mgeni aliyekuja kufundisha darasa moja ameacha miguu mingi kuliko aliyetengeneza kwa mikono yake usiku na mchana.

Kabla hujafunga mizigo

Ikiwa wewe ni mtaalamu na moyo wako wakusukuma kwenda, yafaa ujiulize na uwaulize wanaokualika maswali yafuatayo:

1. Je, nina sifa zinazotakiwa? Chama cha kimataifa cha wataalamu wa kazi hii, ISPO, kilichoanzishwa mwaka wa 1970 mjini Copenhagen, kimeweka viwango vya mafunzo. Jua kiwango chako, na uulize kama nchi unayokwenda itakuruhusu kuwatibu watu wake.

2. Nitafanya kazi na nani? Kama hakuna fundi wa mahali atakayeshirikiana nawe kila siku, omba apatikane kwanza. Bila yeye, utaondoka na ujuzi wako.

3. Ni vifaa gani vinavyopatikana huko? Jifunze kuvitumia kabla ya kwenda. Usibebe teknolojia ambayo vipuri vyake viko katika mkoba wako peke yake. Hata mashine za kisasa zinazochapa soketi kwa kompyuta zahitaji umeme, malighafi na fundi wa kuzirekebisha.

4. Nitakaa muda gani? Miezi michache yaweza kufaa kwa kufundisha jambo moja mahususi. Ikiwa wataka kusimamisha karakana, jiandae kwa mwaka mmoja au miwili.

5. Nitaishi vipi? Kujitolea si kulala njaa. Mashirika kama UNV la Umoja wa Mataifa na VSO la Uingereza hutoa posho kwa watu wao. Tahadhari na mtu akuombaye pesa nyingi kwanza ili akutafutie nafasi ya kujitolea.

6. Afya yangu je? Pata chanjo zinazohitajika, ujikinge na malaria, na uwe na bima. Tena jiandae moyoni, kwani utawaona watoto waliojeruhiwa, na usiku usingizi huenda usije. Tafuta mtu wa kuzungumza naye.

Na wewe uliye mgonjwa?

Huenda wewe si mtaalamu, bali ni mzazi, au wewe mwenyewe umekatwa mguu, na umesikia kwamba wageni watakuja hospitalini kutoa miguu bila malipo. Nenda, usikose. Lakini wewe pia una haki ya kuuliza. Uliza mguu huu ukivunjika niupeleke wapi. Uliza jina la fundi wa hapa aliyesaidia kuutengeneza. Omba uandikiwe aina ya mguu na vipimo vyake, uhifadhi karatasi hiyo pamoja na kitambulisho chako. Na usione haya kusema kwamba unakuumiza. Mtaalamu wa kweli hatakasirika, kwani ndilo jambo anaongoja kulisikia.

Kila jioni uvue mguu, uoshe kigutu kwa maji na sabuni, ukikaushe vizuri, kisha ukitazame pande zote kwa kutumia kioo. Ukiona wekundu usioisha baada ya muda mfupi, lengelenge au kidonda, usiuvae mguu mpaka umwone mhudumu wa afya. Badilisha soksi ya kigutu kila siku. Usiongeze matambara ndani ya soketi iliyolegea bila kushauriwa, na usiupeleke mguu wako kwa mchomeleaji wa mtaani kabla hujamwona fundi wa hospitali.

Siku nyingine ukimwona mtu yule kwenye kituo cha matatu, usimhurumie tu. Uliza katika hospitali ya kaunti yako kama ina karakana ya viungo bandia, kama ina fundi, na kama fundi huyo ana plasta na plastiki ya kufanyia kazi. Wageni watakuja na watarudi kwao, nasi twawashukuru. Mguu utakaovunjika baada ya hapo utakuwa mikononi mwetu.